Barua ya Daraja la Otter Lick

Verlene Sizemore alikuwa karani wa ofisi ya mbunge kwa miaka ishirini na sita, na katika muda huo alitumikia wabunge watatu. Katika vilima vile vya mashariki mwa Kentucky watu walizoea kusema kwamba wabunge huja na kwenda, Verlene yupo.

Wa kwanza, mzee Orbin Stidham, aliahidi kulijenga upya daraja la mbao la kijito cha Otter Lick, akafa kabla fedha hazijapita bungeni. Wa pili, Darrell Noble, aliahidi yaleyale, akapigwa hata picha juu yake ameshika koleo. Mwaka wake wa mwisho ikaja barua ya mkaguzi wa madaraja: nguzo mbili zimeoza, magari yasipite.

Noble aliisoma akamrudishia Verlene. "Nikilifunga sasa, watu wa ng'ambo ya kijito watanipa kura? Iweke kabatini, mama. Tutaitoa uchaguzi ukipita."

Verlene akaiweka. Uchaguzi ukapita, Noble akaanguka, barua ikabaki palepale. Na kila Jumapili Verlene alivuka daraja hilohilo kwenda kula maharage na mkate wa mahindi kwa kaka yake, Clell. Alikuwa akiendesha polepole na kujiambia kwamba mbao za zamani zina roho ngumu.

Wa tatu alikuwa Tanner Roark, muuza bima, kijana mwenye meno meupe. Alipoingia, mipaka ya majimbo ilikuwa imechorwa upya, na mstari mpya ulifuata kijito. Mji ulibaki kwake. Ng'ambo, alikoishi Clell, ilitupwa jimbo la pili, nyuma ya milima. Hapo ndipo Verlene alipoitoa barua.

"Ng'ambo si kwangu tena," Roark alisema. "Mpelekee mwenzangu."

Akampelekea. Ofisi ya huko ikajibu kwamba daraja linaanzia upande wa Roark, basi aanze yeye. Verlene akairudisha barua kabatini, safari hii bila kuagizwa na mtu.

Mwezi Machi mvua ilinyesha siku nne mfululizo. Clell alikuwa akirudi na lori la majani ya ng'ombe daraja lilipokatika. Walimtoa majini akiwa hai, lakini mguu wa kulia ulikatwa chini ya goti.

"Kwani hakuna mkaguzi aliyewahi kupita pale?" alimwuliza dada yake hospitalini.

Verlene alimrekebishia mto wa kichwani.

Wiki tatu baadaye Roark aliita mkutano wa kampeni katika ukumbi wa kanisa. Verlene ndiye aliyepanga viti. Watu walipoulizwa kama wana maswali, alisimama na barua mkononi, akaisoma yote, pamoja na tarehe.

"Mama Verlene, hapa si mahali pake," Roark alisema.

"Mahali pake ni wapi? Ng'ambo, unakosema si kwako?"

Bibi mmoja akapaza sauti kutoka nyuma. "Na wewe je, uliyeikalia miaka mitatu?"

"Na mimi," Verlene alisema. "Niliificha kwa mikono hii hii."

Kesho yake alikabidhi funguo za ofisi. Lililobaki la daraja likafungwa kwa mnyororo juma hilohilo, na basi la shule likaanza kuzungukia barabara ya mlimani, saa nzima kwenda, saa nzima kurudi. Siku ya uchaguzi Roark alishinda kwa kura nyingi kuliko mwanzo. Waliokuwa na kisa naye waliishi ng'ambo, na karatasi zao za kura zilikuwa na majina mawili ya watu ambao hawakuwahi kuwaona.

Jumapili iliyofuata Verlene alivuka kijito kwa miguu, akirukia jiwe hadi jiwe, viatu mkononi. Clell alikuwa barazani, suruali imekunjwa na kubanwa kwa pini.

"Miaka mitatu ulikula mezani kwangu," alisema. "Ukiwa unajua."

"Nilijua, kaka."

"Na watoto wangu walikuwa wanapita pale."

"Ndiyo."

Clell akachukua magongo, akajiinua taratibu, akaingia ndani. Mlango aliuacha wazi. Verlene hakuweza kujua kama alikuwa amemkaribisha, au ni kwamba tu mikono yake ilishika magongo, isiweze kuufunga. Alibaki amesimama kwenye ngazi na viatu vyake, miguu ikidondosha maji.