Wa Kwanza Kufa

Eveline alikuwa na kila kitu cha filamu ya kutisha isipokuwa maiti.

Msitu wa misonobari alikuwa nao, pale nyuma ya kijiji chao cha Igowole, na ukungu ambao hakuulipia hata senti. Damu alikuwa nayo, nyanya za Ilula zilizochemshwa na kuchujwa mpaka zikawa nzito. Muuaji alikuwa naye pia. Ombeni, kijana mrefu mpole kuliko kondoo, aliigiza mwalimu wa zamu aliyefufuka na fyekeo mkononi kuwasaka wanafunzi waliotoroka kufyeka nyasi za shule. Fyekeo lenyewe lilikuwa la mbao, limepakwa rangi ya fedha. Hadithi hiyo Eveline aliitunga tangu kidato cha nne, kwa kuzipenda mno zile filamu za zamani za wauaji wenye vinyago waliovizia vijana porini.

Tatizo lilianza siku ya kwanza tu, Vitus alipotakiwa kufa.

"Mimi sifi," alisema.

"Vitus, wewe ndiye wa kwanza. Imeandikwa."

"Mama kasema ni uchuro. Mtu hajiitii kifo akiwa mzima. Andika nimekimbia."

Eveline akaandika amekimbia. Wa pili alipoona mwenzake kapona, naye akakataa. Jackline, shujaa wao, yeye hakutakiwa kufa, lakini alitakiwa kuzimia, na hata hilo akasema litamchafulia sketi. Hadi jioni Ombeni alikuwa amewakimbiza watu msitu mzima bila kumgusa hata mmoja.

Asukile, binamu yake Eveline aliyetoka Mbeya na kamera ya kuazima, aliitazama kazi ya siku ile kwenye kioo kidogo, akashusha pumzi.

"Dada, huyu si muuaji. Huyu ni kocha wa riadha."

Eveline alicheka na wenzake, lakini alipofika nyumbani alikaa kuhesabu siku. Kamera ilikuwa inarudi Mbeya mwisho wa wiki, na yeye hakuwa na ubavu wa kumlazimisha mtu. Kila aliyemwambia "hapana", yeye alimjibu "haya".

Asubuhi alikwenda kwa Mzee Sedekia kuazima koti kuukuu la kumvalisha muuaji. Siku hizi Sedekia alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa suti na tenzi, lakini zamani ndiye aliyekuwa na kibanda cha video pale sokoni. Alikuwa akikaa na kipaza sauti pembeni ya runinga na kuwatafsiria watu filamu za kizungu kwa Kiswahili cha kwake, huku akichomekea Kihehe pale maneno yalipomwishia.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, kamwene mwanangu. Nasikia mnafanya sinema. Nani anakufa kwanza?"

Eveline akaangalia chini. "Hakuna anayekufa, babu. Wamekataa."

Mzee aliweka kikombe chini kama aliyeambiwa kanisa limefungwa.

"Hakuna? Sasa watu wataogopa nini? Wa kwanza kufa ndiye anayeibeba sinema yote! Asipokufa yeye, wengine wanakimbia nini, mvua?" Akasimama, akalitoa koti kabatini, akalikung'uta. "Nitakufa mimi."

"Babu! Na kanisani je?"

"Kwani wazee wa kanisa hawafi?"

Basi mchana ule, ukungu ukiwa umetanda, Mzee Sedekia akasimama chini ya misonobari akiwa mlinzi wa shule. Ombeni akamjia kwa nyuma. "Shikamoo, samahani mzee," akanong'ona, kisha akampiga fyekeo la mgongo.

Jamani, mzee yule alijua kufa! Alipepesuka, akaukumbatia mti. Akaanguka, akainuka. Akatoa wosia wa ng'ombe asiokuwa nao, akawagawia wanawe, akamnyima mmoja, kisha akamhurumia akampa ndama. Wachuma chai waliokuwa wakipita njiani wakasimama na vikapu vyao. Wengine walicheka mpaka wakakaa chini. Asukile kamera ilimtetemeka mikononi kwa kicheko.

Kisha mzee akaanguka mara ya mwisho, akanyamaza.

Vicheko vikapungua, vikaisha. Ukungu ulipita juu ya lile koti na mzee hakujitikisa. Mkono wake ulikuwa umegeuka vibaya, kiganja juu, damu ya nyanya ikichuruzika kwenye vidole. Eveline alisubiri. Mzee wa umri ule, na baridi ile, na kuanguka kote kule. Watamwambia nini mkewe? Akajikuta anakimbia.

"Babu! Babu Sedekia!"

"Usiniharibie," mzee alinong'ona bila kufumbua macho. "Sema 'kata' kwanza."

"Kata!" Eveline alipiga kelele, analia na kucheka kwa pamoja. Wachuma chai wakapiga vigelegele.

Vigelegele vile ndivyo vilivyomponza Vitus. Kesho yake alikuja wa kwanza kabisa, na mama yake nyuma amebeba shati lililopigwa pasi. "Kama lazima afe," mama alimwambia Eveline, "afe kwa heshima kama yule mzee." Vitus akafa. Wengine wakafa, kila mmoja akitaka kumzidi mwenzake. Hata Ombeni muuaji akaomba afe, akakubaliwa. Mwishowe akaja Jackline, midomo ameibenua.

"Na mimi nataka kufa."

"Hapana," Eveline alisema.

Jackline alimshangaa. Kusema kweli hata Eveline alijishangaa, lakini neno lilishatoka na lilikuwa limekaa vizuri mdomoni. "Wewe unabaki hai. Toka msituni peke yako, usigeuke nyuma. Na sketi itachafuka."

Ikachafuka.

Filamu ilioneshwa Mbeya, Jumapili alasiri, kwenye ukumbi wa mjomba wake Asukile. Watu walicheka pale palipotakiwa kutisha, na Eveline akajikunyata kwenye kiti. Walicheka wosia, wakacheka ndama. Halafu mzee akalala kimya ndani ya ukungu na ukumbi mzima ukanyamaza naye. Fyekeo lilipopita mbele ya kamera, mwanamke mmoja wa mbele alipiga ukunga, mwingine akamrukia jirani yake mapajani.

Taa zilipowashwa yule mwanamke alisimama. "Yule mzee," aliuliza kwa wasiwasi, "bado yupo kweli?"

Mzee Sedekia, ndani ya suti yake ya kanisani, akasimama nyuma na kupunga mkono. Ukumbi ukalipuka. "Afe tena! Afe tena!" wakaimba, wakimfungulia njia kuelekea mbele.

Mzee alishafungua vifungo vya koti, lakini akamgeukia Eveline. "Mwongozaji, unasemaje?"

Eveline aliwatazama wale watu wote waliokuwa wakimtazama yeye. "Afe," alisema, "ila safari hii ng'ombe awe mmoja tu."