Meno ya Majike

Mwaka 1958 Muthama alikuwa akisafisha mifupa katika ghala moja katikati ya Nairobi. Masanduku yaliletwa kutoka kando ya ziwa lililokauka huko Bonde la Ufa, yamejaa mataya na pembe za nyati wa kale, wakubwa kuliko nyati yeyote wa leo. Mwajiri wake alikuwa mtaalamu wa Kizungu, Memsahib Harland. Kutwa nzima Muthama alisugua meno kwa brashi, hana wa kusema naye. Jioni alipanda baiskeli, akapita Dagoretti Corner hadi chumba chake Riruta, ambako majirani walimjua tu kama Mkamba asiye na maneno mengi.

Hakutaka wamjue zaidi. Yeye na baba yake walikuwa wawindaji wa ndovu kwa mishale ya sumu, kazi iliyokatazwa na serikali. Mwaka uliotangulia askari wa wanyamapori walimkamata baba akiwa na upinde. Muthama akakimbilia mjini, akamwacha mkewe Kalekye huko Kitui.

Asubuhi moja Memsahib alipanga mataya thelathini mezani.

"Ni kiangazi kilichowamaliza," alisema. "Nitaandika hivyo."

Muthama alijua sivyo. Angeweza kunyamaza, kunyamaza ndiko kulikomhifadhi muda wote huo. Lakini alikuwa ameyashika meno yale miezi minne.

"Si kiangazi, Memsahib."

"Kwa nini?"

"Kiangazi huchukua ndama na wazee. Hapa hakuna meno ya ndama, wala yaliyolika kwa uzee. Na pembe hizi nyembamba ni za majike. Wote walikuwa katika umri wa kuzaa. Kuna mtu aliyewachagua."

"Watu wachache wenye silaha za mawe wangewezaje kumaliza nyati wa nchi nzima?"

"Hawakuwamaliza kwa siku moja. Mnyama mkubwa huzaa mmoja, kisha hukaa miaka kabla ya kuzaa tena. Ukiua mama wawili kila mwaka, huoni tofauti. Baba yako haoni. Halafu siku moja unatembea wiki tatu, huoni hata kinyesi."

Memsahib aliweka kalamu chini. "Wewe umetembea hizo wiki tatu?"

Muthama alitazama mlango. "Ndiyo. Mimi na baba. Ndovu wa mwisho tuliyempata alikuwa jike, maziwa yanamtoka. Tulimpiga hivyo hivyo. Tulikuwa na njaa."

Alingoja aone kama Memsahib angeita askari. Hakuita. Aliuliza maswali hadi adhuhuri, akaandika kurasa sita.

Baada ya miezi kadhaa ripoti ilichapishwa. Memsahib alimfasiria kipande kimoja: mtu mmoja mwenye uzoefu wa porini alionyesha kwamba majike ndio waliowindwa.

"Sikuweka jina lako," alisema. "Wangekufuata."

"Ni vizuri, Memsahib."

Ilikuwa vizuri kweli, na bado alimwomba akifasiri tena kile kipande. Jioni ile, huko Riruta, jirani yake Zedekiah, fundi viatu kutoka Maragoli, alimkuta amekaa kizingitini.

"Vipi leo, ndugu? Mbona umeinama?"

"Nimechoka tu."

Zedekiah alisimama kidogo, kana kwamba angeketi, kisha akamtakia usiku mwema. Muthama alisikia mlango wa pili ukifungwa, na watoto wa Zedekiah wakicheka ndani.

Akabaki pale, akiutaja taratibu, kwa Kikamba, umri wa kila ndovu jike aliyemkumbuka kati ya wale waliowaua.