Barafu ya Tyyne

Jumapili hiyo ya Januari mvua ilikuwa inanyesha, na Tyyne Raatikainen alikuwa jikoni akijaza kahawa kwenye themosi. Akafunga mikate ya iliki kwa kitambaa, akavaa buti, akachukua mtaimbo nyuma ya mlango. Mvua ya Januari badala ya theluji haikuwa habari tena kule Kuoreranta, kitongoji cha ukingoni mwa ziwa. Watu walikwisha kuilalamikia mpaka midomo ikachoka, sasa waliivalia makoti tu.

Ng'ambo ya ziwa, katika nyumba ya wazee, dada yake Impi alikuwa anamsubiri. Wakubwa wa huduma za wazee walimpeleka huko baada ya kuanguka, kwa kuwa nafasi ilipatikana huko, na mpaka wa wilaya unapita katikati ya maji. Impi hakulia. Aliomba kitu kimoja: kabla hajafa, akae tena kwenye sauna ya mama yao, kile chumba cha kuogea mvuke kinachopashwa moto kwa kuni, nyuma ya nyumba. Tyyne akamwambia atamleta barafu ikishika. Ahadi ni deni, na Tyyne hakuwa mtu wa kulala na deni.

Tangu zamani baridi ndiyo iliyoziunganisha pande hizo mbili. Ziwa likiganda watu walivuka kwa miguu, kwa viatu vya kutelezea, au kwa viti vyenye reli ndefu za chuma, mmoja amekaa, mwingine anasukuma kwa nyuma. Mwaka huu ziwa lilikuwa uji wa theluji, si la kupiga kasia, si la kukanyaga. Basi la kuzunguka ziwa lilifutwa, kwa maelezo kwamba wakazi wa Kuoreranta wana magari. Tyyne alikuwa na macho mabovu na kiti kimoja cha reli cha kusukuma. Jirani yake Taisto Hakulinen, mwenyekiti wa jumuiya ya kitongoji, alimpeleka mara moja kwa gari, akamsubiri nje injini ikinguruma, mpaka Tyyne akaona haya kumaliza kahawa.

Na pale ghubani, bomba la majumba mapya lilitema maji ya uvuguvugu usiku na mchana. Majumba hayo yalikuwa na bwawa la maji moto, na vijia vyake vilipashwa joto kutoka chini ili wenyewe wasiteleze. Tangazo lao lilisema: Ishi Karibu na Maumbile. Bata walikuwa wameacha kuhama.

Tyyne alishuka ukingoni, akafanya kama mama yake alivyomfundisha: usikanyage kabla ya kupiga. Akapiga mtaimbo kwenye uji mbele yake. Mtaimbo ukagonga, ko. Hapo penye uji barafu ilikuwa imeshika, ngumu na nyeusi, upana wa chumba kimoja. Akasogea, akapiga tena, ikaja tena. Akaweka themosi kwenye kiti, akaanza kusukuma. Penye nia pana njia, alijisemea, akaongeza mwendo kwa sababu kahawa ilikuwa inapoa.

"Umechelewa," Impi alisema kutoka kitandani.

"Nimepiga mtaimbo njia nzima, dada."

"Kwani barafu ipo?"

"Ninapopita, ipo."

"Basi pita vizuri. Na hii mikate umeitia iliki au umeionyesha tu?"

Barafu ilidumu mpaka jioni, kisha ikarudi kuwa uji. Watu wote wa Kuoreranta waliona, na hakuna aliyeuliza, maana kuuliza ni kumwingilia mtu mambo yake. Jumapili iliyofuata walikuwa wamepanga foleni ukingoni, kila mmoja mbali na mwenzake, viatu vya kutelezea mabegani. Tyyne alipopita, wakaingia nyuma yake kimya kimya. Watoto ndio waliopiga kelele, na Tyyne, kusema kweli, alifurahi kuzisikia. Walifika katikati wakageuka, kwa kuwa ng'ambo hakuna mkahawa.

Taisto akaja kwake na keki.

"Tyyne, jirani yangu, kikao kimeonelea uzunguke na mtaimbo wako Jumamosi pia, pale mbele ya ufukwe. Kuna mashindano ya kitongoji bora cha kuishi, na wakaguzi wanakuja."

"Na bomba?"

"Bomba ni suala refu."

"Na basi?"

"Hilo tutalijadili theluji ikiyeyuka."

"Theluji ipi, Taisto?"

Taisto akaikata keki.

"Hebu niambie," Tyyne akasema. "Kipi rahisi, bomba kufungwa au mimi kuzunguka?"

"Wewe kuzunguka," alisema Taisto, kwa moyo mweupe kabisa.

Akazunguka. Alizunguka kwa ajili ya watoto, magoti yakimuuma. Wakaguzi wakanywa kahawa, wakaandika kwamba kitongoji kina baridi ya kuridhisha. Nyuma yao bomba lilifuka mvuke, wakaupiga picha kwa jinsi ulivyopendeza.

Februari Impi aliacha kula mikate. Tyyne akamwomba muuguzi amruhusu dada yake aende nyumbani. Muuguzi akasema kwenda nyumbani kunataka kibali cha wilaya mbili, na wilaya hizo hazisemezani.

"Lakini kupunga hewa hakutaki kibali," aliongeza, akaanza kumfunika Impi mablanketi. "Hewa ya wapi?"

"Ya ziwani," alisema Tyyne.

"Hiyo nzuri."

Impi akakaa kitini, Tyyne akasukuma. Mvua iliwanyeshea wote wawili. Barafu ilikuja kila alipopiga, mpaka walipokaribia nyumbani, ambako maji ya bomba yalikuwa yametapakaa tangu asubuhi mpaka njiani kwake. Hapo mtaimbo ukazama. Tyyne akapiga tena, ukazama tena, maji ya uvuguvugu yakamwingia butini. Nyuma yao barafu ilishaanza kulainika. Ukingoni foleni ilikuwa imesimama, vikombe vya kahawa mkononi.

"Tyyne!" Taisto aliita. "Leo tunaingia saa ngapi?"

Tyyne akapiga tena, taratibu. Alikuwa anaogopa, na hakutaka dada yake aisikie sauti yake.

"Unapigaje hivyo?" Impi akasema. "Unabisha hodi? Mama hakuwa akipiga hivyo. Lipige ziwa kama unalidai!"

Tyyne akakiinua kile chuma. Akapiga kwa ajili ya basi, akapiga kwa ajili ya bomba na injini iliyomharakishia kahawa yake. Pigo la mwisho lilikuwa la keki. Ko. Barafu ikaja mpaka mchangani, akasukuma bila kupumzika. Foleni ikawapisha kwa heshima, kisha ikaingia kuteleza.

Impi hakurudishwa. Wilaya ya huku iliamini yuko kule, ya kule iliamini yuko huku. Jumapili iliyofuata Tyyne hakutoka, kwa sababu hakuwa na mahali pa kwenda. Ziwa likabaki uji. Foleni ilisubiri mpaka mchana, ikarudi nyumbani kwa magari.

Kuoreranta ilishinda yale mashindano. Mwezi Machi jumuiya ikaandika malalamiko, wote wakatia sahihi: kwamba baridi imesitishwa bila taarifa, na kwamba huo si ujirani. Hayakupelekwa kwa wenye bomba. Yalitumbukizwa mlangoni kwa Tyyne.

Aliyasoma yote, kisha akaenda nayo saunani, ambako Impi alikuwa amekaa benchini amejifunga taulo, akisubiri.

"Wanasemaje?"

"Wanataka baridi."

"Na wewe?"

Tyyne akayaingiza chini ya kuni za mbetula, akawasha kiberiti. Yalikuwa ya karatasi nzuri, nzito na kavu.

"Imeshika?" Impi akauliza.

"Imeshika," alisema Tyyne, akafunga mlango ili joto lisitoke.