Maji ya Mgongo wa Mayu Mariana

Mayu Mariana, yaani mama kwa Kisukuma, ni mama mkwe wangu. Mume wangu alipofariki nilibaki naye hapa Bariadi, na sijawahi kumwona mzigo. Kwa hiyo shemeji yangu Luhende, mtoto aliyemzaa mwenyewe, alipowatangazia majirani kwamba mama yake ni mchawi kwa kuwa amemkuta zizini kwake alfajiri, damu ilinichemka.

Kuwa zizini alikuwa, sikatai. Alichuchumaa chini ya ng'ombe na kibuyu, anakamua. Zizi lile ndilo alilokamulia tangu alipoolewa, kabla watoto hawajagawana mji. Kichwani mwake bado ni bibi harusi. Nikamweleza Luhende hivyo. Akasema ndama wake amekufa wiki hiyohiyo, na Jumapili ndugu watakaa wamwondoe hapa.

Nilijua jibu liko wapi. Watafiti walimpima mayu mara mbili katika hospitali ya mjini, kipimo cha pili baada ya mwaka na kitu. Walimlaza ubavu wakamkunja kama mtoto, wakaingiza sindano mgongoni, wakachukua maji ya uti wa mgongo. Alilia huku amenishika kidole. Tuliambiwa maji hayo yanaonyesha ugonjwa wa kusahau na jinsi unavyokwenda. Majibu hatukupewa.

Nikampigia Daktari Winnie wa utafiti ule. Kwa upole kabisa akasema majibu ni ya utafiti, mgonjwa hapewi.

"Daktari, mgongo ni wa nani?" nikamuuliza. "Mlipotaka maji mlimwita bibi. Leo anafukuzwa kwake kwa uchawi, mnamwita utafiti. Mimi nimeishia darasa la saba, lakini hilo ni baya na Mungu analiona."

Akasema atazungumza na mkubwa wake, nimpigie Jumapili.

Jumapili baada ya Misa ndugu wakaketi uani kwangu. Luhende alikuwa amepokea komunyo asubuhi, kwa mdomo uleule. Nilipompigia daktari, Mzee Zengo, mkubwa wa ukoo, akataka simu isikike kwa wote. Daktari akasema mkubwa wake amekubali, ila akamwomba mayu ruhusa kwanza. Mayu akasema, "Waambie."

Daktari akaeleza kwamba katika maji yale protini moja imepungua, kwa sababu imeganda kwenye ubongo, na nyingine imepanda, kwa sababu chembe za ubongo zinakufa. Kipimo cha pili kilikuwa kibaya kuliko cha kwanza. Ni Alzaima, ule ugonjwa wa kusahau, na utaendelea. Hakuna aliyemroga, wala yeye hajamroga mtu.

Wazee wakainamisha vichwa. Nikamshukuru Mungu, kumbe mapema mno.

"Basi kama ubongo unakufa," Luhende akasema, "shamba lake la pamba hataliweza. Nilichukue mimi."

"Asubuhi mchawi, sasa mgonjwa," nikamwambia. "Shamba ni lilelile, shemeji."

Mtu akacheka kwa nyuma. Mzee Zengo akamuuliza Luhende kama atamchukua na mama, amwogeshe na kumlisha. Luhende akasema mke wake ana kazi nyingi. Mzee akaamua kwamba mayu habanduki, na shamba litalimwa na anayemtunza.

Luhende akaondoka bila kuaga. Mayu akamtazama akivuka ua.

"Yule baba ni nani?" akaniuliza. "Mbona anaondoka hajala?"