Kola ya Ukurasa wa Pili

Nekesa hakuwa mtu wa kutupa karatasi. Fundi gani wa nguo hutupa karatasi? Pale mtaani Mowlem, kwenye kibanda alimoshonea pamoja na fundi mwenzake Kavindu, gazeti lilikuwa mkono wa blauzi, kalenda ya mwaka jana ilikuwa mgongo wa shati, na karatasi yoyote nyeupe, ngumu kidogo, ilikuwa kola, vielelezo vya kulaza juu ya kitambaa na kukata kwa kuvifuata. Miaka kumi na tano walikata hivyo na hakuna mteja aliyelalamika. Kwa hiyo msije mkamcheka. Hata ningekuwa mimi, ningekata.

Miaka mitatu iliyopita alitolewa tezi ya thairoidi, ile ya mbele ya shingo, baada ya kupatikana na saratani. Alibaki na kovu jembamba na kidonge cha kumeza kila asubuhi. Daktari Jimale, mtu mpole asiyependa maneno mengi, alimweleza jambo moja, naye akalishika. Kuna protini iitwayo thairoglobulini, ambayo hutengenezwa na tezi hiyo peke yake. Tezi ikishatolewa, protini hiyo inatakiwa ipotee kwenye damu. Ikionekana inapanda, ujue saratani imebaki mahali, na mara nyingi huanza kwa kujificha kwenye tezi ndogondogo za limfu, pembeni mwa shingo.

"Tunaitafuta ikiwa bado ndogo, mama," daktari alisema. "Ikiwa ndogo naweza kuikata."

Majibu ya damu ya mwaka uliofuata Nekesa aliyachukua mwenyewe kwenye dirisha la maabara, siku ya Ijumaa. Yalikuwa karatasi mbili zilizobanwa pamoja. Ya kwanza ilisema protini haionekani. Aliisoma mara tatu, akakaa kwenye benchi akalia kwa furaha. Ya pili ilikuwa maandishi madogo matupu, tena ya kidaktari. Jamani, nani husoma ukurasa wa pili wakati wa kwanza umeshamrudishia uhai?

Alitakiwa kumwona daktari Jumanne. Lakini kabla ya Jumanne kuna Jumapili, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kanisani walikuwa wamefunga na kumwombea wiki nzima, na sasa walimtazama wakingoja jibu. Angewaambia nini, wangoje daktari? Alisimama na ile karatasi mkononi, akatoa ushuhuda kwamba amepona. Akina mama walipiga vigelegele hadi mabati yakaitika. Mchungaji akaiomba karatasi ibaki. Nekesa akaubandua ukurasa wa kwanza, ukatiwa plastiki kwenye saiba ya jirani, duka la kompyuta na chapa, ukapigiliwa ukutani kando ya mimbari ili kila mgonjwa auone. Ukurasa wa pili alirudi nao kwenye mkoba.

Na mtu akishashuhudia hivyo, hana tena pa kurudi. Kwenda kliniki Jumanne kungekuwa kuwaambia watu kwamba Mungu hajamaliza kazi yake. Hata mumewe, Nabiswa, ambaye kanisani alikwenda kwa kusukumwa, alimwuliza, "Utamwambia daktari nini, Mama Jacky? Si umeshasema umepona?" Hospitali ilipiga simu mara mbili. Nekesa aliiona namba, akaiacha iite mpaka ikanyamaza. Vidonge aliendelea kuvinunua kimyakimya, akivimeza jikoni mlango ukiwa umefungwa.

Mwezi wa Aprili mwaka huu aligusa kitu chini ya sikio, kigumu, mfano wa punje ya mahindi ya githeri isiyoiva. Akajifunga skafu. Kufikia Juni zilikuwa punje tatu na sauti imekwaruza, akasema ni vumbi la jalala la Dandora. Agosti, maji ya kunywa yalipoanza kumkaba kooni, Nabiswa alimshika mkono akampeleka hospitali bila kuuliza mtu.

Leo asubuhi Daktari Jimale alimpa majibu ya sindano iliyochota kwenye uvimbe na ya picha. Hakuzunguka. Saratani ilikuwa kwenye tezi za limfu pande zote mbili za shingo, imelikumbatia koo la hewa, na imefika mapafuni.

"Si ulisema utakata?" Nekesa aliuliza.

"Nilisema ikiwa ndogo, mama."

"Lakini karatasi ilisema haionekani. Niliisoma mwenyewe."

Daktari aligeuza kompyuta ili aone. "Damu yako ina kingamwili zinazoishika ile protini, mashine inashindwa kuiona. Ilikuwepo. Maabara waliandika hivyo kwenye ukurasa wa pili, tena wakasema upigwe picha ya shingo haraka. Mimi nilikungoja Jumanne."

"Kama ningekuja Jumanne ile?"

Daktari alitafuta uongo mzuri, akaukosa. "Ningekata," alisema. "Vilikuwa vitezi viwili vitatu. Sasa nina dawa za kuipunguzia mwendo tu. Mwaka, pengine usitimie."

Nabiswa alibaki nyuma kupanga foleni ya dawa. Nekesa hakutaka nyumba tupu, basi akaenda kibandani. Moyo ulikuwa umemfia. Jambo moja tu lilimsumbua, nalo ni la kijinga: ule ukurasa wa pili aliuweka wapi?

Kavindu alikuwa ameinama mezani akikata kola za sare za kwaya. Kanisa lilikuwa linaandaa ibada ya shukrani ya Jumapili, na ushuhuda wa kwanza katika ratiba ulikuwa wa Nekesa. Chini ya kiganja cha Kavindu ilikuwepo karatasi yao ya kola, kingo zimechakaa, mgongo mweupe kwa chaki. Kwa miaka miwili walikuwa wameilaza upande uleule juu ya kila kitambaa.

Nekesa aliichukua, akaigeuza.

Maandishi yalikuwa yamefifia lakini yanasomeka. Juu kulikuwa na nusu ya jina lake. Chini yake: kingamwili zimepatikana, matokeo ya ukurasa wa kwanza yasitegemewe. Chini zaidi: mgonjwa apigwe picha ya shingo katika muda wa wiki, na hapo mkasi ulikuwa umepita, umekata kona ya kola, ukaondoka na idadi ya wiki. Mkasi huo ulikuwa wake. Alikumbuka hata siku yenyewe. Alikuwa akiimba.

Alisimama hapo akiwa na uchungu ambao hakujua auelekeze kwa nani. Mungu hakuwa ameandika ile karatasi. Maabara iliandika, daktari alingoja, simu iliita.

"Mama Jacky, nirudishie hiyo," Kavindu alisema bila kuinua kichwa. "Nimebakisha moja tu, ya kwako. Daktari amesemaje?"

Nekesa aliilaza karatasi juu ya kitambaa, maandishi chini, kama ilivyozoea kulala. Akailainisha kwa kiganja.

"Ya kwangu usiifuate hii," alisema. "Iinue. Ipande mpaka chini ya masikio."

Kavindu akainua kichwa, akaitazama skafu, kisha akamtazama yeye usoni. Chaki ilimponyoka. Nekesa aliinama akaiokota, akamrudishia.

"Kata, Kavindu. Jumapili si mbali."