Mnoko na Mkono wa Gauni

Fundi alikuwa anaufumua tena mkono wa kushoto wa gauni la harusi, na mdogo wake, bibi harusi mwenyewe, alikuwa amesimama mlangoni na rola kichwani, amefura.

"Dada, jana ulikuwa sawa. Leo asubuhi ulikuwa sawa. Unafumua nini?"

"Umevuta kidogo begani."

"Mimi sioni."

Yeye haoni, lakini Mnoko anaona. Mnoko hakuwa mtu. Ni sauti iliyohamia kichwani mwa fundi tangu usichana, isiyolipa kodi wala kujua adabu, na kila nguo ikikaribia kwisha humkalia kooni: hapa umepinda, pale watakucheka. Wateja walishaanza kumkimbia, si kwa ubaya wa kazi, ila kwa kuwa kazi yenyewe haiishi. Na sasa kitambaa kilikuwa kimechoka, kinaota nyuzi. Kikifumuliwa mara nyingine kitachanika, na bibi harusi ataolewa na gauni la mkono mmoja.

"Hebu niache," fundi akasema kwa sauti. "Unataka nini kwangu?"

"Nataka gauni," mdogo wake akajibu.

"Si wewe."

Mdogo mtu akamkodolea macho, kisha akatazama ukutani, ilipotundikwa rula ya mbao ya marehemu shangazi yao. Fundi hakuwahi kuitumia, wala kuitoa.

"Shangazi alikuwa anakuchapa vidole na ile," mdogo wake alisema. "Ukisikia anakuja, unaingia na nguo chini ya meza, unafumua mwenyewe haraka haraka kabla hajaiona."

Fundi akaweka wembe chini. Kumbe. Miaka yote hiyo amemtukana Mnoko, naye hakuwa adui. Alikuwa anamlinda yule mtoto wa chini ya meza, akitafuta kosa kabla shangazi hajalipata. Mlinzi mpumbavu, asiye na habari kwamba shangazi ameshazikwa. Fundi hakujua acheke au alie. Akalia, tena kwa hasira.

Kisha akaitungua rula, akaisukumiza chini ya mguu wa meza uliokuwa ukiyumba tangu enzi hizo, akakaa kwenye cherehani, akashona.

Bibi harusi akalivaa gauni, akaenda kwenye kioo.

"Begani umevuta," Mnoko akaanza.

"Nimeona," fundi akamjibu kwa upole. "Tulia. Hakuna atakayekuchapa."

Mdogo wake alisikia, na safari hii alijua si yeye anayeambiwa.