Mgeni Rasmi wa Shule ya Tollefson

Mzee Vedasto alistaafu akiwa mfagiaji wa Shule ya Msingi Tollefson, Minneapolis, lakini ungewauliza Watanzania wa Brooklyn Park wangekuambia alikuwa "kwenye elimu". Ndivyo alivyowaambia mwenyewe, na hakusema uongo. Alikuwa kwenye elimu asubuhi kabla walimu hawajafika, na jioni walipokwisha kuondoka. Yaliyobaki, yaani ufagio, ndoo na boila, hakuona sababu ya kuwasumbua watu nayo.

Wahaya wenzake walimwita nshomile, jina la utani la mtu asiyekuacha usahau kwamba amesoma. Na alikuwa amesoma kweli: miaka sita ya madarasa ya jioni, akifundishwa na vijana wa kuwazaa, hadi akapata cheti cha sekondari akiwa na miaka hamsini na moja. Cheti hicho kilitundikwa sebuleni mahali ambapo mgeni hawezi kukaa asikione, kwa kuwa Mzee ndiye aliyepanga makochi.

Basi Tollefson ilipokaribia kutimiza miaka mia, mwalimu mkuu alimpigia simu kumwomba aje aseme machache juu ya historia ya shule. Dakika tano. Mzee alisikia "historia". Hizo dakika tano hazikumwingia vizuri. Akashinda maktaba miezi miwili, akawahoji walimu, akatoka na risala ya kurasa ishirini na mbili. Ilianza na Waskandinavia walioidai shule kwa ajili ya watoto wao, ikapita kwenye barabara kuu iliyomeza nusu ya mtaa, ikawapokea Wahmong kutoka Asia, kisha Wasomali, kisha Wakongo. Walimu wakuu tisa walitajwa kwa majina, akiwemo mmoja aliyedumu wiki tatu. Wafagiaji hawakutajwa.

"Na wewe uko ukurasa wa ngapi?" mkewe, Irene, aliuliza alipomaliza kuisoma.

"Mwanahistoria hajiandiki, Mama Koku."

"Hata ufagio wake hauandiki?"

Mzee alikuwa na hofu moja tu. Alikuwa amewaalika Watanzania kumi na wanne, wakiongozwa na Humphrey, mwenyekiti wa jumuiya yao, waje wamsikie akisoma. Mtu akitaja ufagio mbele yao, heshima aliyoijenga miaka yote ingemwagwa pamoja na maji ya kudekia. Kwa hiyo alimwandikia mwalimu mkuu hata maneno ya kumtambulisha: mtumishi wa elimu wa muda mrefu.

Kilibaki kitu kimoja. Risala haisomwi hewani. Kwao shule haitimizi hata miaka kumi bila mgeni rasmi wa kusomewa risala. Risala haiishi bila maombi. Na mgeni rasmi haondoki bila kuyajibu. Mzee akapiga simu kuuliza mgeni rasmi ni nani.

"Kila mtu ni mgeni rasmi," mwalimu mkuu alijibu kwa furaha.

Mzee alikata simu akizidi kumheshimu mama yule. Bila shaka alikuwa anakuja mkubwa sana, na jina lilifichwa kwa ajili ya usalama.

Siku yenyewe ilikuwa ya Februari, baridi ya kukata masikio. Watoto walikaa sakafuni kwenye ukumbi wa michezo, watu wazima kwenye viti vya kukunja. Mzee alitafuta kwa macho. Sweta, jinzi, sweta, na bwana mmoja amevaa kaptula. Ndipo akamwona, mstari wa mbele: mwanamume wa makamo, suti ya buluu ya vipande vitatu, leso mfukoni, viatu vya ncha vinavyong'aa. Na alikuwa Mwafrika. Mzee aliona fahari kwa niaba ya bara zima.

"Mheshimiwa Mgeni Rasmi," alianza kwa Kiingereza, akiinama kumwelekea.

Yule bwana aligeuka kutazama nyuma yake. Alipoona hakuna mwingine, akasimama, maana kwao Bukavu, Kongo, mzee akikusemesha hukai. Akabaki amesimama, mikono mbele, kurasa zote ishirini na mbili. Kufikia mwaka 1958 watoto wa chekechea walikuwa wamelala. Kufikia barabara kuu, mwalimu mkuu alikuwa ameangalia saa mara sita. Mzee aliyaona hayo yote, akayahesabu kuwa usikivu.

"Mheshimiwa, tuna maombi matatu," akahitimisha. "Paa. Madirisha. Na chumba namba 114, ambamo watoto wanasoma wamevaa makoti."

Mwalimu mkuu, kwa kukosa la kufanya, alimpa yule bwana kipaza sauti.

"Paa na madirisha, hapana, siwezi," alisema kwa Kiingereza cha taratibu. "Hiyo 114 ni yangu. Nimeshakwenda mara tatu."

Watoto waliamka wakicheka, wakaanza kuita, "Mista Rigobert, Mista Rigobert." Naye akamgeukia Mzee, akahamia Kiswahili. "Papa, mimi niko concierge ya hii école. Ni mimi nafagia hii shule. Nimevaa hivi juu ya fête, hii sherehe ya leo."

Mzee alihesabu haraka. Alikuwa ameuinamia ufagio mara nne, na kila mara kwa cheo.

"Ile 114 imenishinda," Rigobert aliendelea. "Walimu wanasema kulikuwa mzee moja mbele yangu, yeye tu alijua siri yake. Nilikuwa nangoja usome jina yake. Haukumujua?"

Mwalimu mkuu hakuelewa neno. Watanzania kumi na wanne waliyaelewa yote. "Hapana" ilikuwa imeshafika kwenye meno ya Mzee, na ingetoka, kama Rigobert asingeongeza, "Mimi nafikiri pompe imekufa."

Kusema kweli, si dhamiri iliyomsukuma. Pampu haikuwa imekufa, na Mzee Vedasto hakuwahi maishani mwake kumwacha mtu akosee mbele yake.

"Pampu ni nzima," alisema. "Hewa imenaswa. Na huwezi kuitoa ukiwa ndani ya 114. Nenda 112, vuta kabati la ramani. Nyuma yake kuna koki waliyoifunika kwa mbao. Fungua robo, subiri bomba likohoe, funga. Kila Novemba. Mimi nimeifungua mwenyewe miaka ishirini na sita."

Kisha Humphrey akakohoa. "Mzee, kwa hiyo leo umeamua kutangaza?"

"Kutangaza nini?"

"Kazi yako. Sisi tunajua tangu siku ile ulipokuja msibani na funguo arobaini kiunoni. Tulikubaliana tusikuharibie."

"Mlikubaliana nani?"

"Jumuiya. Imo kwenye kumbukumbu za kikao."

Mzee alimtazama Irene. Irene alikuwa anatazama dari.

Baada ya robo saa, wanaume wawili wenye suti walikuwa wamepiga magoti nyuma ya kabati la ramani chumba cha 112, watoto wakiwa wamejazana mlangoni. Bomba likakohoa, likatema, likaanza kupata moto. Msichana mmoja wa darasa la pili akasogea.

"Kumbe na wewe ni mfagiaji?"

"Miaka ishirini na sita," alisema Mzee, maji yakimdondoka kwenye tai. Halafu, kwa kuwa mambo ya historia yanataka usahihi, akaongeza, "Na miezi minne."